Bawa la Kushoto

Asubuhi ile nilikaza skrubu ambazo zilikuwa zimeshakazwa. Nikafuta kioo cha ndege mara tatu. Nikafagia banda lililokuwa safi, nikatoka nje kutazama soksi ya upepo, nikarudi ndani, nikatoka tena. Soksi ilikuwa imelala kwenye mlingoti wake kama suruali kwenye kamba ya nguo.

Mzee wa winchi alikuwa anapaka grisi mashine yake. Alinitazama nikipita mara ya tano, akashindwa kuvumilia.

"Gundi, unatafuta nini? Utachimba mfereji hapo."

"Natafuta bisibisi."

"Iko mkononi mwako."

Nikaangalia. Kweli ilikuwa mkononi. Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikiliza mlio wa gari la mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa hajafika.

Ndege zetu hazina injini. Tunaziita glaida. Winchi inaivuta ndege kwa kamba ndefu mpaka inapanda, kamba inaachia, kisha rubani anabaki peke yake na Mungu wake. Anatafuta hewa moto inayopanda kutoka ardhini, anazunguka ndani yake kama mwewe, anapata urefu wa bure. Akiikosa, anatua popote patakapomkubali, shambani au malishoni. Hapo ndipo mtu wake anamfuata na gari lenye trela refu, wanachomoa mabawa, wanairudisha ndege nyumbani. Kila rubani ana mtu wake. Kwa miaka mitatu, mtu wa Dawa nilikuwa mimi.

Dawa ni jina la klabuni. Ni mfamasia, ana duka mkabala na hospitali, na watu wetu hawajui kumwita mtu kwa jina lake. Mimi ni Gundi kwa sababu natengeneza mabawa, na gundi ya mabawa haitoki kwenye kucha hata uoge na mchanga. Nimemfuata mwanamke yule kwenye mashamba kumi na tisa. Nimemkuta akiwa na njaa, akiwa na hasira, mara moja akiwa amezungukwa na mbuzi. Kila nilipofika alisema, "Umechelewa," hata nilipowahi. Nikawa naishi kwa ajili ya kuambiwa nimechelewa.

Mwaka huu alitaka ndege yake mwenyewe kwa ajili ya mashindano. Zilikuwepo mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Mwenyekiti wa klabu, mpya, nyeupe, mabawa marefu mita kumi na nane. Tuliiita Bibi Harusi. Mwenyekiti alikuwa tayari kumpa nusu ya umiliki, waruke kwa zamu. Ya pili tuliiita Shangazi. Ina miaka mingi kuliko marubani wengine, mabawa mita kumi na tano, na ilikuwa imevunjika bawa la kushoto, mimi nikaliunga.

Juzi yake Dawa aliniuliza, "Gundi, nichukue ipi?"

Nikamjibu, "Chukua Bibi Harusi."

Alichukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga. Tangu hapo sikuwa nimekaa kwenye kiti kwa dakika tano mfululizo.

Gari likafika saa tatu na nusu. Alishuka yeye, akashuka na kaka yake. Kaka alielekea kwenye meza ya Mwenyekiti. Dawa alikuja moja kwa moja bandani, nywele amezifunga kwa kitambaa cha bluu, macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Fundi," alisema.

Tukiwa wawili huwa ananiita Gundi. Fundi ni la mbele za watu.

"Karani anafunga daftari la mashindano ya leo saa tano," akaendelea. "Nataka kukuuliza mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza ulinidanganya."

"Nilikwambia chukua Bibi Harusi."

"Nilisikia. Ndiyo huo uongo ninaousema."

Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta kioo mara ya nne.

"Weka hicho kitambaa chini."

"Kioo kina vumbi."

"Kioo kinang'aa mpaka naona ndevu zako. Weka chini! Miaka mitatu unanifundisha. Ulisema hewa inayopanda kwetu ni nyembamba, inataka ndege nyepesi inayogeuka kwenye nafasi ndogo. Ulisema ndege kubwa inakatwa alama kana kwamba kila siku ni ya hewa kali, na hapa siku hizo hazifiki tatu kwa mwaka. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Ulisema mabawa ya Bibi Harusi yanataka watu wanne kuyabeba shambani, na mimi nina mtu mmoja."

"Nilisema."

"Halafu nakuuliza nichukue ipi, unanipeleka kwa Mwenyekiti. Unajua watu wawili wakimiliki glaida moja hapa klabuni mnawasemaje?"

Nilijua. Tunasema wameoana, bado cheti tu.

"Basi," alisema, "kama hunitaki, sema hunitaki. Mimi mtu mzima, nimeshaachika mara moja, sitakufa. Lakini usinifungashe kama parseli ukanituma kwa mwanamume mwingine."

Nilitaka kusema jambo. Mdomo wangu ukiwa kwenye kazi unakwenda, kwenye mapenzi unakuwa kama mlango uliovimba kwa mvua. Nikamshika mkono. Sikuwahi kumshika mkono kabla ya siku ile isipokuwa kumpa spana. Nikakiweka kiganja chake juu ya bawa la kushoto la Shangazi, hatua moja kutoka kiunoni mwa ndege.

"Unahisi nini?"

"Sihisi kitu. Laini."

"Hapo ndipo nguzo ya uzio iliingia. Palikuwa na tundu la kupitisha kichwa cha ng'ombe. Nilikata kila kilichokufa, nikapanga tabaka kwa tabaka, miezi minne. Mkaguzi akaja, akalipakia mifuko ya mchanga mpaka likapinda kama upinde. Akatia sahihi. Mkufunzi wa klabu ameruka nalo mara sita."

"Najua hayo yote. Sasa?"

"Sasa nimeunga mabawa arobaini na moja maishani mwangu. Nikimaliza naosha mikono, nakula, nalala. Kwa hili silali." Nikatoa sarafu mfukoni. Ndiyo kazi yake: unagonga bawa kidogo kidogo, pakiwa pazima panalia kavu, gundi ikiwa imeachia panalia kama debe. "Tangu uanze kuiulizia Shangazi, miezi hii yote, naligonga kila siku. Nimeligonga mpaka sarafu imefutika namba. Hebu tazama."

Aliichukua, akaigeuza. Ilikuwa laini kama kifungo.

"Umewahi kusikia mlio wa utupu?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Kwa hiyo bawa zima. Mbovu nani?"

"Mimi."

Aliinua macho, na yale macho hayakuwa na hasira tena, yalikuwa yanatafuta. Alikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya sabuni yake ikipigana na harufu ya gundi yangu.

"Na wale wenye mabawa arobaini," aliuliza taratibu, "hukuwaogopea?"

"Niliwafanyia kazi nzuri. Lakini wale sikuwa..."

"Hukuwa nini, Gundi?"

"Mdogo wangu!"

Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni. Mwalimu Mkuu, shati la mikono mirefu limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Ndiye aliyemlea tangu ana miaka kumi na minne, ndiye aliyemlipia chuo, na ndiye aliyempokea aliporudi kutoka kwa mume na begi moja. Kwa hiyo hata ningetaka kumchukia, nisingeweza.

"Mwenyekiti anasubiri na karatasi," alisema. Kisha akanitazama. "Bwana Fundi, habari za asubuhi."

"Nzuri, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Sina ubaya na wewe. Nakuambia mbele ya huyu ili kusiwe na maneno ya pembeni. Huyu aliolewa na mtu mwenye ulimi wa asali, akarudi analia. Safari hii nataka aegemee penye uzito. Mwenyekiti ana uzito."

"Ulimi wa asali mimi sina."

"Hilo kweli. Unaongea kama msumari. Lakini pia shule huna."

"Sina. Niliacha darasa la sita."

"Kaka!" alisema Dawa.

"Mwache aulize," nikamwambia. "Anauliza haki yake."

Mwalimu Mkuu akaizunguka Shangazi, mikono nyuma, kama anakagua madaftari. "Nieleze basi, mimi mtu wa shule. Ndege kuukuu itashindaje na mpya?"

"Mwalimu, siku ya michezo shuleni kwako, ukiwashindanisha babu na mjukuu kukimbia, unafanyaje?"

"Namsogeza babu mbele."

"Hiyo inaitwa fidia. Kila glaida ina namba. Ya Bibi Harusi ni mia na kumi na nane. Ya Shangazi ni tisini na nane. Kilomita ulizoruka, za kwenda na za kurudi, unazigawa kwa namba yako, unazidisha kwa mia. Kwa hiyo asiye na mbio hashindani na mwenye mbio. Anashindana na namba yake. Anayechagua ndege kwa uzuri anajinunulia namba kubwa ya kuibeba siku nzima."

Niliona anaipiga ile hesabu kichwani.

"Vizuri," alisema mwishowe. "Sasa nijibu swali moja, na unijibu mimi. Angekuwa dada yako wa tumbo moja, ungempandisha ipi?"

Nje winchi ilijaribiwa, ikanguruma, ikazima. Nilimtazama Dawa. Alikuwa ameishikilia ile sarafu kwa mikono yote miwili.

"Shangazi," nikasema.

"Lakini ulimwambia Bibi Harusi."

"Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Fundi mzima unaogopa nini? Kazi yako?"

"Kazi yangu haina neno. Naogopa kumpenda mtu halafu nimrushe kwa bawa nililoliunga kwa mikono hii. Likipasuka, Mwalimu, nitakuwa nimemuua mimi. Nikaona heri awe wa Mwenyekiti, awe mzima."

Limeshatoka. Miaka mitatu limekaa kooni, likatoka mbele ya kaka mtu, kwenye banda, kucha zangu nyeusi, na bisibisi mfukoni. Masikio yalinichoma.

Dawa alichomoa kalamu moja mfukoni kwa kaka yake, akatembea mpaka meza ya Mwenyekiti na karani. Mwenyekiti akasimama, akamvutia kiti. Hakukaa. Aliandika akiwa amesimama, akageuza daftari, akaweka sahihi. Nilimwona Mwenyekiti akisoma, kisha akachukua kofia yake na kuondoka kuelekea kwenye Bibi Harusi wake. Sarafu yangu Dawa aliirudisha alipopita kuchukua parashuti. Aliiweka kiganjani mwangu, akakikunja kiganja.

"Utaihitaji," alisema. "Najua utagonga mpaka dakika ya mwisho."

Niligonga mpaka dakika ya mwisho.

Saa sita na robo alikuwa ndani, mikanda imefungwa, kioo kimefungwa, kamba imeshikizwa. Utaratibu wetu ni huu: glaida ina gurudumu moja tu katikati, kwa hiyo ikisimama bawa moja linalala chini. Rubani akiwa tayari anainua kidole gumba, na mshika bawa analiinua likae sawa. Bawa likiwa chini, winchi haivuti. Mshika bawa ndiye wa mwisho kusema ndiyo.

Bawa lililolala lilikuwa la kushoto. Mimi ndiye nililishika.

Dawa akainua kidole gumba.

Sikuinua.

Mtu wa bendera akanitazama. Marubani kwenye foleni wakanyoosha shingo. Redio ya winchi ikakoroma, "Vipi huko, mshika bawa amelala?" Mimi nilikuwa nimeinama, vidole viwili chini ya ncha ya bawa, na vidole havitii. Dawa akakaa na kidole chake juu, sekunde, sekunde nyingine. Kisha akafungua kidirisha kidogo cha pembeni.

"Gundi!" alipaza sauti, uwanja mzima ukasikia. "Utaliinua wewe, au nimwite mwingine wa kuliinua?"

Nikaliinua.

Kamba ikakaza, Shangazi akaruka mbele, nikakimbia naye hatua nne, ya tano bawa likaniponyoka vidoleni. Nikabaki nimesimama na mikono mitupu. Alipanda wima kama kishada. Bawa la kushoto lilipinda kidogo, kama linavyotakiwa. Likakaa.

Kuanzia hapo sikumbuki nilikula nini, wala kama nilikula. Nilizunguka trela. Nilipima upepo wa matairi, nikapima tena. Saa nane Mwalimu Mkuu alikuja, akakaa kwenye ngazi ya trela, akanitazama nikipita.

"Kaa chini, bwana. Unanizungusha kichwa."

"Siwezi."

"Unamfanyia hivi kila akiruka?"

"Kila akiruka."

"Miaka mitatu?"

"Miaka mitatu."

Akatikisa kichwa. "Yule mume wake wa kwanza alikuwa akilala mchana."

Saa tisa hewa ilikufa. Mawingu yalitandazika, ardhi ikapoa, ndege zikaanza kutua mashambani moja moja. Karani akatoka na karatasi: Mwenyekiti ametua, kilomita mia mbili thelathini na sita. Hakuna aliyefika mbali kama yeye. Watu wakapiga makofi. Taarifa ya Dawa haikuwepo. Saa tisa na nusu haikuwepo. Nikaitoa sarafu, nikaanza kugonga trela, kama trela nalo litanijibu.

Saa kumi kasoro simu ikalia.

"Gundi. Nimetua. Shamba la alizeti njia ya kurudi, si mbali, wameshavuna. Mia mbili na tano."

"Bawa?"

"Hujaniuliza mimi."

"Wewe unaongea, kwa hiyo uko hai. Bawa?"

Alicheka. Kicheko chake kilipita kwenye simu, nikakaa chini, mara ya kwanza siku ile. "Bawa zima. Njoo na trela. Na kaka yangu, kama bado yupo, mlete."

Nilimwambia Mwalimu Mkuu namba. Alikuwa ameshachomoa kalamu iliyobaki. Akaandika kwenye kiganja chake, akagawanya, akazidisha, akahakiki.

"Mwenyekiti, mia mbili," alisema. "Huyu wetu..." Akakaza macho kwenye kiganja. "Huyu wetu mia mbili na tisa. Amemshinda!"

"Nilikwambia, Mwalimu."

"Nyamaza, uwashe gari."

Tulipokaribia shamba kabisa aliuliza, "Bawa la Shangazi linabebwa na watu wangapi?"

"Wawili."

"Sasa mimi nakwenda kufanya nini?"

"Kufungua geti la shamba."

Alinigeukia, nikadhani atakasirika. Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Tulimkuta amekaa kwenye kivuli cha bawa la kushoto, viatu amevua, mabua ya alizeti yamemzunguka. Jua lilikuwa bado juu ya miti. Sikumsalimia. Nilikwenda moja kwa moja hatua moja kutoka kiunoni mwa ndege, nikatoa sarafu, nikainua mkono.

Akanishika kifundo cha mkono.

"Leo hugongi."

"Mara moja tu."

"Hata mara moja. Limenibeba masaa matatu na nusu, limenitikisa, limenishusha. Unataka likuambie nini zaidi?" Aliitoa sarafu vidoleni mwangu, akaitia kwenye mfuko wa shati lake, akafunga kifungo. "Itakaa kwangu. Ukiitaka, uje uiombe nyumbani, kaka yangu akiwepo."

Niligeuka kumtazama Mwalimu Mkuu. Alikuwa ameshafunga geti, anakuja huku akikunja mikono ya lile shati lake la pasi. Alisimama kwenye mkia wa ndege, akaangalia ashike wapi.

"Aje Jumapili," alisema, bila kututazama. "Na asije na bisibisi."

Dawa akashika bawa upande wa shina, mimi nikashika ncha, tukalichomoa, tukalibeba taratibu kupita kwenye mabua, yeye mbele, mimi nyuma.

"Umechelewa," alisema bila kugeuka.

Jumapili. Na siku ile ndiyo kwanza ilikuwa Jumatano.